Chikanga na Wahehe

Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilimwadhibu hata mwenye kumtaja mwenziwe kuwa ni mchawi. Hivyo Mhehe wa Iringa aliyefiwa na wanawe, akamshuku nduguye, hakuwa na baraza la kumsikiliza. Katika miaka ya mwisho ya 1950 wengi walifunga safari ya mamia ya maili, kupitia Mbeya, hadi Rumphi katika Nyasaland (sasa Malawi), kwa mganga Lighton Chunda, maarufu kwa jina la Chikanga. Mwenye kushuku na mwenye kushukiwa walikwenda pamoja, na hilo ndilo la kutazamwa. Aliyeonekana na hatia hakufungwa wala kuuawa. Alichanjwa dawa ya kumzuia uchawi, kisha akarudi kuishi na jirani wale wale. Aliyekataa kwenda alihesabiwa kuwa amekwisha kukiri.