Kutu, Adui wa Fundi, na Dawa Yake ya Bei Ndogo

Iko methali isemayo kwamba akiba haiozi. Aliyeisema bila shaka hakufikiri juu ya sanduku la vyombo vya fundi. Chuma ni kigumu kupita mti, walakini chuma kilichosahauliwa huliwa polepole mpaka kibaki unga mwekundu. Leo twataka kuzungumza habari za adui huyo aitwaye kutu, na namna watu wa zamani walivyopigana naye. Maana tumeona kwamba dawa iliyotumiwa na mafundi wakubwa wa Ulaya miaka 300 iliyopita imo katika mitungi ya mama zetu.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika parokia yetu kulikuwa na sanduku la useremala lililofungwa misimu mitano ya mvua. Fundi mwenyewe alikuwa amefariki, na paa la stoo lilivuja. Tulipolifungua tukakuta randa, patasi, nyundo, koleo na misumeno miwili, vyote vyekundu kama udongo wa barabarani. Wazee wa baraza wakasema vipimwe kwa kilo, viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini vijana sita walikuwa wakingoja kufundishwa kazi, na fedha ya kununua vyombo vipya haikuwapo. Tukaomba tupewe juma moja tu.

Siku ya pili, tulipokuwa tukihangaika na tupa na kipande cha msasa, akaja mama mmoja mzee, mpika munkoyo, akasema: "Katekista, mwanangu, mnajitesa bure. Marehemu mume wangu alikuwa akilaza jembe lake katika munkoyo uliochacha, ule usionyweka tena." Kusema kweli, tulicheka. Baadaye tuliona aibu kwa kicheko kile, nasi tukaanza kuuliza na kusoma habari za kale.

Katika nchi yetu, heshima ya chuma ni ya zamani sana. Kando ya ziwa Kisale, katika nchi ya Waluba, mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale mahali paitwapo Sanga. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo mahali pengine pa bonde lile. Huko Kamilamba alifukua kaburi la mtu aliyezikwa yapata miaka 1200 iliyopita. Kando ya kichwa chake kulikuwa na fuawe ya chuma, na pamoja naye shoka la heshima. Tazameni basi: babu zetu walimzika mkubwa wao pamoja na chombo cha mhunzi, kama vile wengine wanavyozikwa na taji.

Lakini chuma cha zamani kikitoka ardhini huwa kimevaa kutu nene, na shaba iliyozikwa siku zile zile huonekana nzima zaidi. Kwa nini? Shaba nayo hupata kutu yake ya kijani, ila hiyo hushikamana nayo kama ngozi na kuilinda. Kutu ya chuma haishikamani. Huvimba, hupasuka, huanguka, na chini yake chuma kipya huliwa tena. Ndiyo sababu kutu haichoki mpaka imalize.

Watu walidhani zamani kwamba metali inapoharibika inapoteza kitu. Katika miaka ya 1770 Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwa mizani kwamba sivyo. Metali iliyochomwa huongezeka uzito, kwa kuwa inavuta sehemu ya hewa, ile aliyoiita oksijeni. Kutu ni jambo la namna hiyo hiyo: chuma hushikana na hewa, maji yakisaidia. Ondoa maji, au izuie hewa isikifikie chuma, na kutu haipati njia.

Warumi hawakujua habari za oksijeni, lakini kinga waliijua. Plinio Mzee, katika kitabu chake kikubwa juu ya vitu vya asili, cha mwaka 77 baada ya Kristo, ametaja kwamba chuma hulindwa kwa kupakwa lami ya miti pamoja na unga mweupe wa risasi na jasi. Maana yake ni kukivika chuma nguo. Unga wa risasi ni sumu, usitumiwe leo; lakini shauri la kukivika nguo lilikuwa la kweli.

Nguo, hata hivyo, haivaliwi juu ya uchafu. Hapo ndipo tunapowafikia mafundi wa Saksonia na Bohemia, ambao tangu karne ya 16 na ya 17 walisifiwa kwa kutengeneza vipande vyembamba vya chuma vilivyopakwa bati, vile vinavyotengenezwa makopo na madebe. Bati haishiki juu ya chuma chenye kutu au magamba meusi ya moto. Lazima chuma king'ae kwanza. Mafundi wale walifanya siri namna yao ya kukisafisha.

Mfaransa Réaumur, mtu mwenye akili ya kupeleleza, aliichunguza siri ile akaieleza kwa maandishi mwaka 1725. Je, wasomaji, ilikuwa nini? Ilikuwa maji ya nafaka iliyosagwa na kuachwa mpaka ichache! Walitia unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, ndani ya maji, wakauweka katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyopashwa moto kwa makaa, wakalaza humo vipande vya chuma. Uchachu ulipolegeza magamba na kutu, wakavisugua kwa mchanga na maji. Réaumur alijaribu maji makali ya namna nyingine pia, hata siki. Basi, dawa ya mama yule wa munkoyo ndiyo siri ya Saksonia. Nafaka tu ndiyo iliyo tofauti.

Kwa nini wakubwa waliiacha? Si kwa sababu ilikuwa mbaya. Mwaka 1746 John Roebuck, huko Birmingham katika Uingereza, alianza kutengeneza tindikali ya salfa katika vyumba vikubwa vya risasi, na bei yake ikashuka sana. Kiwanda kinachotaka maelfu ya vipande hakiwezi kungoja nafaka ichache, basi polepole tindikali ikachukua mahali pake. Lakini fundi mwenye sanduku moja si kiwanda, naye aweza kungoja. Twawaonya vijana kwa nguvu: tindikali hiyo ndiyo iliyomo ndani ya betri za magari. Msiimwage ili kusafishia vyombo. Hupofusha macho na kuunguza mikono.

Jambo moja zaidi litawapendeza. Katika karne ya 19 viwanda vya Wales vilivyotengeneza vipande hivyo vya bati vilitumia mafuta ya mawese, yaliyoletwa kwa meli kutoka Afrika ya Magharibi, ili kuilinda bati ya moto na hewa. Hivyo mafuta ya mchikichi yamehesabiwa kati ya vyombo vya kazi ya chuma huko Ulaya.

Sasa turudi kwenye sanduku letu. Tulifanya hivi. Kwanza tulitoa mipini yote, maana mti haufai kulowekwa. Tukaosha mafuta na udongo kwa sabuni. Tukavilaza vyombo vikubwa katika pipa la plastiki lenye munkoyo uliochacha sana, muda wa siku tatu, tukivigeuza asubuhi na jioni. Vile vidogo tukavitia katika maji ya limau usiku mmoja. Siki nayo hufanya kazi ile ile. Kisha tukasugua kwa brashi ya waya na mchanga laini.

Kuna hatari mbili, nasi tuliziona. Ya kwanza ni kusahau chombo majini: uchachu ukimaliza kutu, huanza kula chuma chenyewe, na makali ya patasi huharibika upesi. Ya pili ni kukitoa chombo na kukiacha kikiwa kibichi. Saa chache tu, nacho kimekuwa chekundu tena. Ndiyo maana baada ya kusugua tulisuuza kwa maji ya majivu, kwa kuwa majivu huua uchachu. Tukasuuza tena kwa maji safi, tukakausha mara moja karibu na moto, tukapaka mafuta safi ya injini kidogo kwa kitambaa. Mawese yafaa kwa siku chache, lakini yakikaa huchacha, na uchachu tumekwisha kuujua.

Hatukushinda kila kitu. Msumeno mmoja ulikuwa umeliwa meno, tukaukata kuwa vikwangulio. Vyombo vingine vyote vilirudi kazini, na wazee hawakuita mizani. Gharama ilikuwa malimau, brashi moja na chupa ndogo ya mafuta. Munkoyo tulipewa bure, na kiti cha kwanza walichotengeneza vijana kiko jikoni kwa mama yule.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuuza kwa kilo chuma alichokuachia baba yako, kwaruza kidogo uone kama chini ya wekundu pangali pagumu. Na ukisikia mzee akitaja dawa ya jikoni, usicheke upesi kama sisi. Muulize kwanza alikuwa akiilaza siku ngapi.