Historia ya Dawa za Matone za Kushusha Shinikizo la Jicho na Mazingira ya Milima ya Usambara

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu neva ya jicho polepole na mara nyingi bila maumivu. Uoni ukishapotea haurudi. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulionesha kuwa takribani watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo. Matibabu yake ni kushusha shinikizo la jicho. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa mkazi wa Usambara, ubora wa dawa haupimwi kwa nguvu yake pekee, bali pia kwa uwezekano wa kuipata na kuitumia maisha yote.

Dawa ya kwanza ya matone ilikuwa na asili ya Afrika. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur alitumia fisostigmini, itokanayo na maharage ya Calabar ya Afrika Magharibi. Haikuchukua muda ikafuata pilokapini, iliyotokana na mmea wa Brazili. Pilokapini huyafungulia maji ya jicho njia ya kutoka, lakini hutiwa hadi mara 4 kwa siku. Aidha, hubana mboni, hivyo anayeshuka mteremko alfajiri huona giza zaidi, hasa akiwa na mtoto wa jicho.

Timololi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ilipunguza mzigo huo. Hupunguza utengenezaji wa maji ya jicho, hutiwa mara 1 au 2 kwa siku, na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, haimfai mwenye pumu. Latanoprosti, iliyofuata mwaka 1996, hutiwa mara 1 tu, jioni, na kwa wastani hushusha shinikizo zaidi. Kasoro yake ni bei, na kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa kwa kawaida hutunzwa kwenye jokofu.

Kwa mgonjwa wa Lushoto, tofauti hizo huongezewa umbali. Ni kilomita zipatazo 33 za kona na mteremko hadi Mombo, kisha safari ndefu hadi KCMC, Moshi, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Hapo KCMC wagonjwa 201 waliandikishwa kati ya mwaka 2015 na 2017 ili kulinganisha timololi na tiba ya miale ya leza. Baada ya mwaka 1, tiba ilifanikiwa katika asilimia 31 ya macho yaliyopewa matone na asilimia 61 ya yale ya leza, ingawa baadhi yalihitaji leza mara ya pili.

Matokeo hayo hayaondoi thamani ya matone. Yanaonesha kwamba tiba isiyodai chupa mpya kila mwezi inastahili kuwekwa karibu na watu wa milimani, na kwamba anayeandikiwa matone aulizwe kwanza chupa ya pili ataipata wapi.