Busaa: Jinsi inavyotengenezwa, na hatari ya kuichanganya na chang'aa

Busaa ni pombe ya kienyeji itengenezwayo kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ni kinywaji cha jadi cha Wabukusu na Waluhya wengine.

Maandalizi huanza kwa kimea. Wimbi hulowekwa kwa siku moja, hufunikwa kwa gunia hadi lichipuke baada ya siku mbili au tatu, kisha huanikwa juani na kusagwa. Kimea ndicho kigeuzacho wanga wa nafaka kuwa sukari, nayo sukari ikawa kileo.

Unga wa mahindi nao hukandwa kwa maji uwe donge zito, ukaachwa siku mbili au tatu uchachuke. Donge hilo hukaangwa kwenye bati juu ya moto, likigeuzwageuzwa hadi livunjike kuwa chenga za rangi ya kahawia. Ukaangaji huivisha wanga na kuipa busaa harufu yake. Chenga huachwa zipoe kabisa, kwani joto huua hamira iliyomo katika kimea, kisha hutiwa chunguni pamoja na maji safi na kimea. Baada ya siku mbili hadi nne, pombe huchujwa.

Nafaka yenye ukungu haifai hata kidogo. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondolewi yote kwa moto.

Kwa kawaida busaa huwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4. Haidumu: huendelea kuchachuka na kuwa kali mno baada ya siku chache.

Wazee huketi kuzunguka chungu kimoja, wakifyonza kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani. Wakati wa tohara ya Wabukusu, ifanywayo Agosti ya miaka kama 2022 na 2024, mtahiriwa humimina maji kwenye chungu cha pombe katika hatua iitwayo khuchukhila.

Chang'aa ni jambo jingine. Hiyo hupikwa na mvuke wake kukusanywa, hivyo kileo chake ni kikali mara nyingi zaidi. Maafa makubwa hutokea wauzaji wanapoongeza methanoli, sumu isiyo na rangi ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa macho. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo. Anayeona ukungu machoni au kutapika baada ya kunywa apelekwe hospitalini bila kukawia.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa iliyowekwa na sheria ya 1980, lakini haikuruhusu utengenezaji holela. Anayetengeneza au kuuza kileo sharti awe na leseni, na ni hatia kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Utoaji wa leseni za vileo ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya 2010 iliyakabidhi serikali za kaunti.