Mbuzi wa mtoto, fedha ya baba

Wiki hii naomba nianze na swali nililoulizwa na mama mmoja sokoni Arusha, aliyenitambua kwa sauti. Aliniuliza hivi: "Mwandishi, mtoto wa miaka sita ukimpa hela yake mwenyewe kila wiki, unamfundisha au unamharibu?"

Nilimpa jibu la haraka haraka, nikaenda zangu. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani, kisha likanifuata mpaka Karatu, nilikozaliwa, nilipokwenda kumwona baba. Huko ndiko nilikopata la kusema.

Tuanze na neno lenyewe. Hela tumelirithi kwa Wajerumani. Walipotawala Tanganyika walitumia rupia, na mwaka 1904 waliigawa rupia moja kuwa heller 100. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na neno pesa asili yake ni Bara Hindi. Fedha limetoka kwa Waarabu. Shilingi ni ya Mwingereza, nayo ilishika njia huku mwanzoni mwa miaka ya 1920. Majina yote manne tunayoyatamka kila siku yalikuja na wageni.

Na kitu chenyewe kwa wakulima na wafugaji wa bara hakikuja kama zawadi. Kilikuja kama deni. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na huko vijijini kila kibanda kilitakiwa rupia 3 kwa mwaka. Mtu ambaye hakuwa na haja yoyote na rupia akajikuta lazima aitafute: auze mfugo, au aende kibarua. Hivyo basi, utawala ulipofika kwenye nyanda za Mbulu na Karatu, babu zetu waliifahamu fedha kama kitu cha mtu mzima, tena kitu cha kumpelekea mkubwa mwingine. Mtoto hakuwa na sehemu ndani yake.

Je, ina maana mtoto wa zamani hakuwa na mali? La hasha. Alikuwa nayo, ila ilikuwa na miguu minne.

Panda kutoka Karatu mpaka juu Ngorongoro, kwa ndugu zetu Wamasai. Huko mtoto wa kiume hupewa ndama au mbuzi wake angali mdogo sana. Mnyama huyo anajulikana kwa rangi yake, kwa alama ya sikio, na boma zima linajua kwamba yule ni wa fulani. Mtoto wa miaka mitano au sita anaanza kwa kuchunga wana-mbuzi na wana-kondoo karibu na boma. Akikua kidogo anakabidhiwa ndama, na baadaye ng'ombe wakubwa. Hakuna anayemwandikia ubaoni maana ya faida na hasara. Mbuzi wake akizaa mapacha, anaiona faida. Fisi akimchukua mmoja jioni kwa sababu mchungaji alikuwa akicheza, hasara anaiona pia, na anakwenda kuisema mbele ya baba yake.

Na hasara za Ngorongoro ni nyingi. Kuna ndigana kali inayoua ndama. Kuna ugonjwa unaoenezwa na nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za majani mafupi upande wa Ndutu, kati ya Januari na Machi. Mfugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe kwenye malisho mazuri kuliko yote, wakati ule ule ambapo ni mazuri. Kijana anayejifunza kuyaacha majani mabichi leo ili awe na ng'ombe kesho, huyo amesoma somo la akiba bila kushika senti.

Sisemi kwamba utaratibu ule ulikuwa wa haki tupu. Watoto wa kike kwa kawaida walichunga, walikamua na walitunza, lakini mwenye mnyama alikuwa kaka. Na hata kwa huyo kaka kulikuwa na swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: mnyama ni wa mtoto, sawa, lakini mwenye neno la mwisho ni nani?

Swali hilo lilipata uzito mwaka 1975, pale kilimo kilipopigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959. Familia ambayo hailimi hununua mahindi, na mahindi hununuliwa kwa fedha. Fedha itoke wapi kama si kwa mifugo? Kilimo kidogo kiliruhusiwa mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Kila mara mlango unapofungwa, mbuzi wanashuka kuelekea mnadani, na hapana ubishi kwamba miongoni mwao wapo waliokuwa wa watoto.

Nirudi Karatu, maana huko sasa nasimulia yangu. Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba makubwa ya kahawa upande wa Oldeani na Karatu. Mashamba ya kahawa yapo mpaka leo, ingawa wenyewe wamebadilika. Mama yangu alikuwa akichuma kahawa katika mojawapo, miaka ya 1980. Malipo yalihesabiwa kwa debe. Sisi watoto tulichuma naye, tena kwa mikono myepesi kuliko yake, lakini tulichuma ndani ya debe lake. Jioni fedha ilikuwa ya mama, nayo iligeuka sukari, chumvi na mafuta ya taa. Hatukuona uonevu wowote. Tulikula sote.

Mwaka 1987, nikiwa na miaka saba, babu alinipa mbuzi jike mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Mwaka huo huo mama alianza kunipa sarafu siku za malipo, nami nikazitumbukiza kwenye kibubu cha kopo la maziwa ya unga. Zilikuwa sarafu za familia ile iliyozaliwa mwaka 1966, Benki Kuu yetu ilipofunguliwa na kutoa shilingi ya Tanzania: senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye Mwenge wa Uhuru. Nilikuwa na mali mbili, moja inakula majani, nyingine inalia ndani ya kopo.

Kopo sikuligusa kwa miaka mitano. Nilipolifungua mwaka 1992 nilikimbia nalo dukani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mwenye duka alihesabu shilingi, kisha akazisukuma senti kando kwa kiganja. "Sungura hawa," akasema, "wapeleke porini." Fedha yangu yote haikutosha hata daftari nililolitaka.

Sikuelewa. Leo naelewa. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mwaka 1990 ilikuwa kama shilingi 195, na mwaka 1995 kama shilingi 575. Nchi ilikuwa imeingia katika mageuzi ya uchumi mwaka 1986, shilingi ikashushwa thamani mara kwa mara, na bei zikapanda. Hakuna mwizi aliyegusa kopo langu. Sarafu zote zilikuwamo, zimekonda tu.

Na mbuzi je? Yeye alinenepa. Kufikia mwaka 1991 alikuwa amezaa, na wale wa kwangu walikuwa wanne. Januari ile kaka yangu alichaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Ada katika shule za sekondari za serikali ilikuwa imerudishwa katikati ya miaka ya 1980, na juu ya ada kulikuwa na sare, godoro, sanduku na nauli. Siku ya mnada nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mbuzi mmoja zizini. Watatu walikuwa wamekwenda. Sikuambiwa kabla na sikuambiwa baada. Chakula cha jioni kililiwa kama kawaida.

Ndugu msikilizaji, nitakuambia nilichojifunza siku ile, maana ndilo somo la fedha lililonikaa kuliko yote. Nilijifunza kwamba kitu chako ukikiweka, kitachukuliwa. Tangu hapo kila sarafu niliyopewa niliila siku ile ile: pipi, maandazi, biskuti. Watu walisema mtoto huyu hana akiba. Hata mshahara wangu wa kwanza wa redioni haukulala nami wiki mbili. Ilinichukua miaka mingi kuondokana na tabia hiyo, na sina hakika kama nimeondokana nayo yote.

Wenzetu walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1866, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, profesa wa sheria aliyeitwa François Laurent alianzisha utaratibu wa watoto wa shule kuweka akiba ya senti chache kila wiki. Mwalimu alizipokea, na mtoto alifunguliwa kitabu chake cha benki. Utaratibu ulienea Ulaya, ukavuka mpaka Marekani. Mwaka 1924 benki za akiba zilikutana Milan, Italia, na ndipo ikatoka Siku ya Akiba Duniani, tarehe 31 Oktoba. Tazama kilichofanyika pale Ghent. Senti zenyewe zilikuwa kidogo mno. Kilichokuwa kikubwa ni jina la mtoto juu ya kitabu.

Hapa kwetu leo benki zinafungua akaunti za watoto, na ni jambo jema. Lakini mzazi au mlezi ndiye anayezisimamia, maana mtoto bado hajafikia umri wa kusimama mwenyewe. Kwa hiyo tumerudi pale pale zizini: jina ni la mtoto, funguo ziko kwa baba.

Kuna upande mwingine, nao nauona kila nipandapo Ngorongoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iliwekwa lami kwa msaada wa Japani, na magari ya watalii yakaongezeka. Kandokando ya njia utawaona watoto wenye shuka, wengine wamepakwa rangi nyeupe usoni, wanaruka na kupunga mkono ili wapigwe picha walipwe. Wengine ni saa za shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya hata kazi nyepesi, lakini barabarani hakuna anayeuliza umri. Huyu mtoto ana hela kuliko nilivyokuwa nayo mimi, tena ya haraka. Ila haimfundishi kungoja wala kutunza. Gari likipita, somo limepita.

Basi, nilipokuwa Karatu nilimuuliza baba. Yeye sasa ni mzee, anakaa juani asubuhi na redio yake. Nilimuuliza habari ya mbuzi wale watatu, baada ya miaka zaidi ya 30. Nilidhani amesahau. Alitaja hata doa la shingoni.

"Mbuzi wako walimsomesha kaka yako," akasema. "Ningekuomba, ungekataa?"

Nilifikiri. "Nisingekataa, baba."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi ningekuomba."

Hayo tu. Hakuna zaidi tulilosema, tukahamia kwenye habari za mvua.

Kwa hiyo yule mama wa sokoni, kama unanisikia, jibu langu ni hili. Mpe. Mpe kidogo, siku ile ile kila wiki, bila kungoja aombe wala alie. Usiogope akiila yote kwa pipi Jumamosi akakosa Jumanne. Mwache akose, kwa shilingi mia mbili somo hilo ni rahisi sana, na akilipata ukubwani litamgharimu nyumba. Akiweka muda mrefu, mweleze kwamba fedha nayo hukonda, ili asije akachekwa na mwenye duka kama mimi. Na kama unaishi mahali penye nafasi, kuku mmoja wa kwake hatadhuru, awe wa kiume au wa kike. Lakini ukishampa, kiwe chake. Siku ya shida ikija, na itakuja, usikichukue usiku. Muombe.

Mwezi uliopita shida ilinifikia mimi. Ilikuwa tarehe 23, mshahara haujatoka, na sikuwa na nauli ya kwenda kazini. Kibubu cha binti yangu wa miaka saba kiko juu ya kabati, nami nakifikia bila kupanda kiti. Nilikishika. Kilikuwa kizito. Kisha nikakirudisha, nikaenda kumwamsha.

"Mwanangu, baba anaomba umkopeshe shilingi elfu mbili."

Alifikicha macho, akaniangalia, akauliza, "Utanirudishia lini?"

Nikamtajia siku. Akachukua daftari lake, akaandika: Baba 2,000. Halafu akanikabidhi kalamu, akanionesha pa kuweka sahihi. Nililipa siku niliyoahidi, akakata mstari kwa rula.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.