Chuma Kilichookotwa Mtoni

Nilipokuwa mtoto niliokota kipande cha chuma katika changarawe za mto, chini ya mashamba ya chai ya Kabianga. Kilikuwa kimejikunja, tena kimefunikwa na kutu. Nilikisugua kwa mchanga hata kikang'aa, kisha nikakiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Fedha yake ilinunua mkate mmoja. Leo mimi ni mwalimu wa historia, na kila nivukapo mto ule hujiuliza niliuza nini.

Chuma cha kale hutambuliwa kwa maswali. Kwanza, ni cha namna gani? Chuma hufanya kutu nyekundu na huvutwa na sumaku. Shaba hufanya kutu ya kijani, na sumaku haiivuti. Pili, kilifanywa na nani? Kazi ya mhunzi huonyesha alama za nyundo, na unene wake haulingani kila mahali. Kazi ya kiwanda hulingana, na pengine hubeba jina la mtengenezaji na mwaka. Tatu, kilikuwa wapi? Kilichomo katika changarawe huenda kililetwa na maji kutoka mbali. Kilichozikwa katika udongo wa ukingo huenda hakikuhama sana.

Katika nchi hii maswali hayo yana uzito, kwa sababu vyuma vya asili mbalimbali vilikutana hapa. Wahunzi wetu walifua mikuki, majembe na mapambo. Misafara ya pwani ilileta nyaya za biashara. Kisha Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilipita kaskazini ya Kericho ikafika Kisumu mwaka 1901. Wanandi, jirani na ndugu wa Wakipsigis, waliupinga utawala wa Waingereza. Walichukua nyaya za simu wakafanya mapambo, na vyuma vya reli wakafanya silaha. Watawala waliita jambo hilo wizi. Wanandi waliona kuwa reli imepita katika nchi yao bila ya idhini yao. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905.

Basi bangili moja yaweza kuwa na waya wa Ulaya na mkono wa mhunzi wa hapa. Atazamaye waya peke yake atasema ni kitu cha kigeni. Atazamaye nyundo peke yake atasema ni cha kwetu. Wote wawili watakuwa wamesoma nusu ya habari.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiokota chuma cha kale usikisugue wala usikiuze. Andika mahali ulipokiona, umbo lake na kina chake ardhini, kisha mwonyeshe mwalimu wako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 humtaka mgunduzi wa kitu cha kale aiarifu Makumbusho ya Taifa. Mimi sikuandika neno, na kipande kile kiliyeyushwa. Hakuna awezaye kunijibu sasa.