Tukio Si Uthibitisho: Hoja ya Kukagua Saraka katika Programu za Wavuti za Java

Tangu Java 7 ilipotoka mwaka 2011 ikiwa na WatchService, imezoeleka kudaiwa kwamba kukagua saraka kila baada ya muda kumepitwa na wakati, kwa kuwa mfumo endeshi wenyewe hutoa taarifa, yaani tukio, faili jipya linapoingia. Makala hii inapinga dai hilo. Katika programu ya wavuti inayopokea mafaili kutoka mifumo mingine, ukaguzi ndio msingi. Tukio ni la kuharakisha kazi tu.

Hakuna anayebisha kwamba WatchService ni nyepesi. Kwenye Linux hutegemea inotify, iliyomo katika kerneli tangu 2005. Ubishi uko kwenye maana ya tukio lenyewe.

Tuchukue faili la malipo la megabaiti 200 linalopakiwa kwa SFTP. Tukio la ENTRY_CREATE hutolewa mara jina la faili linapoonekana katika saraka, pengine kabla hata baiti moja haijaandikwa. Msimbo unaolifungua papo hapo husoma kipande tu; na likiwa la CSV, huenda kosa lolote lisiripotiwe: mistari iliyokwisha kufika huingia kwenye hifadhidata, iliyobaki haijulikani ilikokwenda. Kisha hufuata ENTRY_MODIFY kadhaa, na hakuna hata moja inayosema kwamba mwandikaji amemaliza. Inotify inayo ishara ya faili kufungwa baada ya kuandikwa, IN_CLOSE_WRITE, lakini WatchService haiifikishi kwa msanidi. Nyaraka rasmi za Java zenyewe zinatahadharisha kuhusu jambo hili.

Kuna zaidi. Foleni ya matukio ikifurika, tukio la OVERFLOW hueleza kwamba huenda matukio yamepotea, bila kuyataja. Saraka ikiwa kwenye NFS, inotify haioni yaliyoandikwa na mashine nyingine. Programu ikizimwa ili kusakinisha toleo jipya, mafaili yaliyoingia wakati huo hayaleti tukio lolote itakapowashwa. Katika hali zote tatu hakuna budi kuorodhesha saraka upya.

Watetezi wa matukio husema ukaguzi huchelewesha. Ni kweli, lakini ScheduledExecutorService inayoanzishwa katika contextInitialized programu ya wavuti inapoanza, ikazimwa katika contextDestroyed inapofungwa, na kukagua kila sekunde 10, inalitosha faili la malipo. Kwenye macOS, JDK yenyewe kwa miaka mingi ilitekeleza WatchService kwa ukaguzi wa namna hiyohiyo.

Ukamilifu wa faili, hata hivyo, unahitaji makubaliano na mtumaji: aandike kwa jina la muda, kisha abadilishe jina ndani ya mfumo uleule wa mafaili. Maildir, muundo wa Daniel J. Bernstein wa kuhifadhi barua pepe, ulifanya hivyo tangu miaka ya 1990: barua huandikwa katika tmp, ndipo ihamishiwe new. Mtumaji asipokubali, ukubwa usiobadilika kati ya kaguzi mbili ni dalili, ingawa upakiaji uliokwama unaweza kudanganya.

Kwa hiyo, programu inayotegemea matukio peke yake haistahili kukabidhiwa mafaili ambayo kupotea kwake kuna gharama.