Mdomo wa Kuazima: Visa vya Uzazi Mbele za Watu, Kutoka Usukumani Hadi Machimboni

Simama stendi ya Kahama asubuhi, mabasi ya Geita na Mwanza yakipiga honi, kisha uite "Kulwa!" Hatageuka mtu mmoja tu, watageuka wengi. Ita Doto, ita Shija, Mabula, Njile: hali ni ile ile. Kila jina hapo ni habari ya mama fulani siku aliyojifungua. Kulwa na Doto ni pacha, aliyetangulia na aliyefuata. Shija ndiye aliyezaliwa nyuma ya pacha. Mabula alikuta mvua. Njile alizaliwa njiani, mama hajafika alikokuwa akienda. Makoye alikuja nyumba ikiwa na shida zake. Mama hakusimama mahali kusimulia. Kisa alikitia kwenye jina, na watu wakakitangaza wenyewe kila walipomwita mtoto, gulioni, kisimani, na baadaye darasani mwalimu alipofungua daftari la mahudhurio.

Naanza na majina kwa makusudi. Siku hizi mwanamke anayepanda jukwaani, kashika maiki, akieleza alivyozaa, alivyopoteza mimba au alivyolea peke yake, huonekana ni jambo jipya lililotoka mbali. Ni kweli kwamba namna hiyo ya onyesho ina kwao: The Moth lilianzia New York mwaka 1997, na Listen to Your Mother, ambalo ni la visa vya uzazi na malezi tu, lilianzia mji wa Madison, Marekani, mwaka 2010. Sharti la huko ni kwamba msimulizi aseme yake, kwa jina lake, kwa mdomo wake. Usukumani mama amesimulia mbele za watu kwa muda mrefu, ila sharti lake lilikuwa jingine kabisa. Hakusimama peke yake. Aliazima mdomo.

Jukwaa la wanaume linajulikana. Ni shikome, moto wa jioni uani, ambapo wazee na vijana wa kiume walikaa kupeana habari, mafumbo na nasaba. Baada ya mavuno palikuwa na jukwaa kubwa zaidi, la mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayowataja Ngika na Gumha kuwa waanzilishi wake. Pale manju, kiongozi wa ngoma, hujisifu, humkejeli mpinzani na kueleza maisha yake bila haya. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, alikusanya nyimbo zaidi ya 300: za wakulima, za wapagazi, za wawindaji wa tembo. Manju waliovuma wengi wao ni wanaume. Anayesoma historia kwa kufuata manju tu atadhani wanawake walinyamaza.

Atakuwa amekosa kupita kwenye mabasa.

Mabasa ni pacha, na ndilo jina la ngoma na matambiko yao. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, aliyaandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1944. Kuzaa pacha hakukuwa baraka tupu wala balaa tupu. Lilikuwa jambo zito, lenye nguvu inayoweza kuwadhuru wazazi, ukoo, hata shamba, mpaka litulizwe. Aliyejua kulituliza ni yule aliyewahi kulipitia. Kwa hiyo waliokwisha kuzaa pacha waliwapokea wazazi wapya, wakawapitisha mbele ya watu kwa ngoma na nyimbo. Na nyimbo zenyewe! Zilitaja viungo vya mwili na mambo ya chumbani kwa maneno ambayo siku nyingine yangemfanya mtu atozwe faini au afukuzwe uani. Siku hiyo yaliruhusiwa, tena yalitakiwa. Mama wa pacha, ambaye jana alipiga magoti kumwamkia baba mkwe wake, leo alisimama katikati ya nyimbo zilizosema wazi watoto hutoka wapi na kwa njia gani.

Wamisionari waliona matusi. Wasomaji wengine wa leo huona uhuru wa mwanamke, na hao nao naona wanaharakisha. Ukiyatazama mabasa kwa jicho la mtu wa sanaa, unaona ufundi. Mama hasemi "mimi niliumia" au "mimi niliogopa". Wimbo ni wa wote, maneno yamekuwapo kabla yake, na kundi linaimba naye. Hakuna atakayemshika kesho kisimani amwambie, ulisema hivi. Uchungu wake umetolewa hadharani, naye amerudi nyumbani na heshima yake.

Kanisa lilileta mdomo mwingine. Africa Inland Mission iliichukua misheni ya Nassa, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1909, na hospitali yake ya Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ikawa mahali ambapo wanawake wengi walijifungulia. Pamoja na hospitali ulikuja ushuhuda. Mwanamke husimama mbele ya usharika aeleze jinsi Mungu alivyomvusha. Hapa kwa mara ya kwanza anasema "mimi". Lakini hata huyu hayuko peke yake: ushuhuda una mwanzo wake na mwisho wake unaojulikana, mhusika mkuu ni Mungu, na waumini huitikia "Amina" pale sauti inapotaka kukatika. Kwaya, ambazo Shinyanga imejipatia sifa kwazo, hufanya kazi iyo hiyo kwa sauti nne.

Kisha ikaja Malya.

Malya ni kituo cha reli wilayani Kwimba, kwenye njia itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji pale kwa njia ambayo baadaye iliitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Tofauti yake na kampeni za wakati ule ilikuwa moja, nayo kubwa. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Walikaa, wakauliza wanakijiji wenyewe ni nini kinachowasumbua, na miongoni mwa yaliyotajwa zilikuwamo mimba za mabinti ambao hawajaolewa. Jambo hilo likaingizwa kwenye ngoma na maigizo ambayo watu wa pale waliyamudu tayari, na baada ya onyesho watu hawakutawanyika, walijadili. Mlama aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1991.

Ukitafakari, Malya ilifuata kanuni ya mabasa, ijue isijue. Binti mwenye mimba hakuitwa mbele aeleze lake. Mwigizaji alilibeba tumbo la kuigiza, wazazi wa kuigiza wakagombana, na wazazi wa kweli waliokaa chini wakabishana juu ya wale wa kuigiza. Kila mtu kijijini alijua linazungumzwa la nani, na hakuna aliyelazimika kulitaja. Mwaka huo huo wa 1982 Mlama alitoa tamthilia ya Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na anayetuongoza ni Bi Msimulizi. Sisemi Malya ilizaa Nguzo Mama. Nasema mwandishi mmoja, katika kipindi kimoja, alikuwa akitafuta nani amsemee mwanamke na kwa sauti gani.

Machimboni mambo yakabadilika, kwa sababu hadhira ilibadilika. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kandokando ya migodi hiyo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, watu walimiminika kutoka kila upande kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Wanawake wanaponda mawe, wanaosha mchanga kwenye mialo, wanauza chakula, wanachambua magwangala, yaani mawe ya kifusi yaliyotupwa na mgodi mkubwa. Jirani wa mwanamke wa Kisukuma hapo ni Muha, ni Mzinza, ni Mkurya. Akizaa pacha, nani hapo anazijua nyimbo? Jina la Njile kwa Mkurya ni jina tu.

Kwa hiyo kisa chake kikahamia kwenye karatasi. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita ikiwamo, na habari ya watoto na zebaki ya kunasia dhahabu ikasomwa mbali sana na mialo. Ripoti za aina hiyo zina desturi ya kumbadilisha msimuliaji jina. Watu huiona ni tahadhari ya kisheria. Mimi naiona ni mdomo wa kuazima uliopoa: mama amefichwa, sawa, lakini hakuna kundi linaloimba naye, na wanaomsikia hawatakutana naye gulioni.

Upande wa Shinyanga, takwimu ndizo zilizoshika maiki. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 uliuweka mkoa huo kileleni kwa ndoa za utotoni, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 wakiwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, na tangu hapo namba hiyo imerudiwa kwenye kila semina. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 katika kesi dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Katika kampeni za kupinga ndoa hizo binti huombwa asimame ukumbini aseme yaliyompata, kwa jina lake, mbele ya mkuu wa wilaya na kamera. Wapo wanaotoka pale wamepata nguvu. Lakini mratibu anayemwita binti wa miaka 17 mbele bila kumwandalia kiitikio hajui kazi aliyoikuta imeshafanywa Malya.

Mlama na Lihamba waliijua. Mwaka 1996 walianzisha TUSEME, ambapo wasichana wa sekondari huchambua matatizo yao na kuyageuza mchezo, wakaigize pamoja, mbele ya walimu na wazazi. Palikuwa na pengo moja tu. Aliyepata mimba alifukuzwa shule, kwa hiyo mchezo wa mimba ulichezwa na wasio na watoto. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Sasa kikundi cha shule kinapokaa chini ya mwembe kupanga nani awe baba, nani awe mwalimu mkuu, huenda mmoja wao ana mtoto nyumbani kwa bibi. Wengine wanajua. Yeye anaomba apewe nafasi ya mwalimu mkuu.